Kadi ya Tatu ya Nashipae

Nimefika nyumbani Kitengela saa hii, hata viatu sijavua, vumbi ya Kajiado bado iko kwa kope, na lazima niseme hii kitu kabla sijaoga. Nikioga nitaanza kuipanga vizuri, na haikuwa vizuri. Kuna mahali niliomba ardhi ipasuke inimeze, na ardhi ya Kajiado ni ngumu, ikakataa.

Wacha nianze na Nashipae, kwa sababu huku kwetu kila mtu anaanza na yeye.

Nashipae Sironka ni msichana wa Kisaju, ana miaka ishirini na mbili, na anatembea. Hiyo ndiyo kazi yake, kutembea. Zile mbio za kutembea. Mwanzoni hiyo neno ilimletea shida. Mama mmoja wa kanisa alimwambia mama yake, "Huyu msichana wako nasikia anatembea sana siku hizi." Mama Nashipae Kiswahili amekijulia kwa kuuza maziwa, akajibu kwa furaha, "Sana. Jana ametembea mpaka Isinya. Akipata nguvu atatembea na hii Namanga road yote." Wamama wakafunga na kuomba wiki mzima. Ilibidi mchungaji aletwe barabarani saa kumi na mbili asubuhi aone kwa macho yake: msichana na kaptura, kiuno kinaenda huku na huku, mikono inapiga kama mashine, anapita boda iliyobeba mitungi ya maziwa. Mchungaji akaangalia mpaka msichana akapotea kwa kona. Akasema, "Kumbe ni hii," akarudi kulala.

Hiyo ilikuwa zamani. Sasa huwezi kutaja jina la Nashipae Kitengela mtu asikuambie vile yeye alimjua kwanza. Kuna boda kumi na kitu zimeandikwa jina lake kwa madigadi. Saluni ya karibu na stage imebandika picha yake kwa kioo, na wala hajawahi kutengenezwa nywele hapo. Miaka miwili hajashindwa na msichana yeyote wa hii region. Jumapili iliyopita mchungaji, yule yule, alisema, "Jumamosi Kajiado tumeshashinda, tupigeni makofi sasa ili tusichelewe." Watu wakapiga. Nashipae alikuwa ameketi mbele yangu. Niliona shingo yake ikikaza.

Mimi hiyo shingo naijua. Naitwa Sheryl Nalianya, baba yangu ni mtu wa Bungoma, anafanya kazi kiwandani Athi River, na nikiwa form three nilikuwa Nashipae wa shule yetu. Mita elfu moja mia tano. Kila mtu alisema Sheryl atashinda, mpaka mpishi. Siku ya mashindano niliamka nikasema tumbo. Nikalala sick bay nikisikia filimbi kwa uwanja. Baba mpaka leo anaamini ilikuwa maharagwe. Tangu hapo nikaamua kupendwa na watu wengi ni ugonjwa, na anayeshangiliwa sana ndiye huanguka vibaya. Nikaenda college nikasomea mambo ya usimamizi wa michezo, nikae kando na saa mkononi, niangalie wengine wakiugua.

Ndiyo maana leo nilikuwa Kajiado. Kazi yangu ya kwanza ya ukweli. Nilipewa ubao.

Nieleze huo ubao, kwa sababu kila kitu kilitokea hapo. Kwa mbio za kutembea, mguu mmoja lazima uwe chini kila wakati, na mguu wa mbele lazima unyooke ukigusa ardhi. Waamuzi wamesimama kuzunguka uwanja wakiangalia miguu tu, hata sura yako hawaitaki. Ukianza kuharibu unaonyeshwa kibao cha njano, hiyo ni onyo. Ukiharibu kabisa mwamuzi anaandika kadi nyekundu, na kila mwamuzi anaweza kukupa moja tu. Kadi inakuja kwa ubao, mimi natundika duara nyekundu mbele ya namba yako, na ukipita unaona. Duara tatu, unaingia kwa boksi ya adhabu kando ya ubao, unasimama dakika moja nzima huku wengine wanaenda. Duara nne, unatoka, unaenda nyumbani.

Ilikuwa mita elfu kumi, raundi ishirini na tano. Anayeshinda peke yake ndiye anaenda mashindano ya taifa. Wa pili anapewa soda.

Nashipae alikuwa namba tisa. Namba nne alikuwa Seleyian wa Embulbul, msichana mrefu, mtulivu, anatembea kama ametumwa dukani na hana haraka, lakini huwezi kumfikia. Waamuzi walikuwa watano. Juu yao alikuwa mkubwa wao, Madam Obura, ambaye haongei mara mbili. Karatasi za kadi zilikuwa zinabebwa na Ouma, mwanaume mzima wa ndevu, kwa baiskeli.

Asubuhi Mzee Kakuta, mwamuzi wa kona ya mbali, alikuja kwangu na redio yake ya mkononi.

"Supa, msichana."

"Ipa, Mzee." Hiyo salamu ndiyo Kimaa yangu yote.

"Hii kitu imekufa moto, haiongei. Na Ouma na hiyo baiskeli yake atafika kesho. Mimi nikitoa kadi nitakuonyesha namba na mkono, wewe unatundika, karatasi itakuja nyuma. Nimeongea na Madam. Utaniona kutoka hapa?"

"Nitakuona."

"Na utaelewa?"

"Mzee, namba ni namba."

Akaniangalia kidogo, kama mtu anataka kuongeza kitu, halafu akaenda.

Saa tatu bunduki ikalia. Upande wa jukwaa watu wa Kisaju na Kitengela walikuwa wamejaa, vuvuzela, shuka nyekundu, madem wa college yetu na nyuso zimepakwa rangi. Mama Nashipae alikuwa amesimama kwa ua wa waya, peke yake kidogo, mikono kwa waya. Yeye hapigi kelele.

Raundi ya sita Mzee Kakuta akainua mkono, kidole kimoja juu. Namba moja, msichana wa Loitokitok. Nikatundika. Baadaye Ouma akaleta karatasi: moja. Nikajiona fundi.

Nashipae alikuwa ameshaenda mbele. Alikuwa anatembea kwa hasira, na hapo ndipo nikaanza kuogopa. Raundi ya tisa, kadi ya kwanza. Raundi ya kumi na mbili, ya pili, kutoka kwa mwamuzi mwingine. Nilipotundika duara ya pili vuvuzela zikanyamaza moja moja kama taa za mtaa zikizimwa. Kijana mmoja nyuma yangu akasema, "Sasa huyu anakimbilia nini na ako mbele?" Rafiki yake akamjibu, "Anatukimbia sisi."

Nilitaka kugeuka nimwambie umesema ukweli, lakini afisa haongei na watu.

Raundi ya kumi na nne. Nashipae akapita kona ya mbali, na Mzee Kakuta akainua mkono. Nikakaza macho. Kidole cha kwanza kilikuwa kimeshikana na gumba, kimefanya mviringo, vidole vingine vimenyooka. Nikapumua. Sawa. Kila mtu duniani anajua hiyo, ni sawa, hakuna shida, au ni sifuri, hakuna kadi. Nikamwinulia gumba langu. Naye akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akarudi kuangalia miguu.

Nashipae akapita ubao, akatupa jicho, akaona duara mbili, akaendelea.

Raundi ya kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Alikuwa mbele ya Seleyian sekunde thelathini na tano. Vuvuzela zikarudi. Nilianza hata kucheka peke yangu. Ouma hakuonekana, na sikujiuliza.

Raundi ya kumi na nane akaja akisukuma baiskeli, mikono nyeusi ya grisi mpaka kwa kiwiko. "Mnyororo," akasema. "Umetoka mara tatu. Chukua hizi za Mzee Kakuta, nyingine ni za kitambo, si ulishatundika?"

"Ehe," nikasema, kabla sijaangalia.

Akaenda. Nikafungua. Ya kwanza ilikuwa ya msichana ambaye alishatoka. Ya pili ilikuwa imeandikwa: Namba 9. Mguu umepaa. Raundi ya 14. Kakuta.

Niliisoma mara nne. Nikaangalia mkono wangu, nikaunganisha kidole cha kwanza na gumba bila kufikiria, na mama mmoja wa shuka aliyekuwa anauza chai ya flaski karibu na kamba akaniangalia akacheka kidogo. "Unahesabu nini tisa, mamii?"

"Hii ni tisa?"

"Si ndiyo. Naudo." Akaifanya na mkono wake, mviringo ule ule. "Ng'ombe ya mtu unaonyesha hivyo, hautaji kwa mdomo. Hata mtoto anajua."

Mimi nimezaliwa Kitengela. Nimeishi na hawa watu wa Kimaa miaka ishirini na tatu, nimenunua maziwa yao, nimeenda harusi zao, na sikujua tisa.

Sasa sikiliza vile nilikuwa. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Ouma anaamini nimeshatundika. Mzee Kakuta anaamini nimeshatundika, nilimwinulia gumba. Madam Obura alikuwa hatua ishirini kutoka kwangu, amenipa mgongo. Katika uwanja mzima mimi peke yangu ndiye nilijua Nashipae ana kadi tatu. Na alikuwa mbele, na watu walikuwa wanaimba, na ilikuwa imebaki raundi saba. Karatasi ni kitu kidogo. Inaweza kuingia kwa mfuko wa suruali.

Na hata sikuwa nafikiria Nashipae, wacha niseme ukweli. Nilikuwa nafikiria mimi. Siku ya kwanza ya kazi. Baba amewaambia wenzake wote kiwandani kwamba msichana wake anasimamia Kajiado. Tumbo likaanza. Lile lile la form three, pale pale chini ya mbavu. Ningesema naumwa wangenipeleka kwa hema la msalaba mwekundu, ningelala, ningesikia filimbi.

Ndipo Nashipae akapita. Alikuwa karibu, nilisikia pumzi yake. Akageuza macho kwa ubao vile anafanya kila raundi, haraka, akasoma duara mbili, na nikaona uso wake ukiamua. Akaongeza mwendo.

Akaongeza. Kwa sababu ubao wangu ulimwambia bado ako na moja ya kutumia.

Hakuwa nayo. Ubao ulikuwa unamdanganya, na mwenye ubao ni mimi. Akipata nyingine sasa atafikiria ni ya tatu, atageuka aingie kwa boksi, na Madam atamwonyesha njia ya nyumbani. Na hata asipopata, mwisho wa mbio Mzee Kakuta atatoa orodha yake, wataona, na dakika moja itaongezwa kwa muda wake akiwa ameshamaliza, amekaa chini, hawezi tena kufanya kitu.

Nikatembea zile hatua ishirini.

"Madam."

"Ubao hauachwi."

"Namba tisa ako na ya tatu."

Akageuka. Akachukua karatasi, akaisoma, akaangalia saa. "Hii ni ya raundi gani?"

"Kumi na nne."

"Na sasa ni ya ngapi?"

"Anamaliza kumi na tisa."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwa mkono wa Mzee Kakuta. Nilidhani anasema sawa."

Hakunitukana, na ningependa angenitukana. "Umemnyang'anya raundi tano za kurekebisha," akasema. "Tundika. Chukua saa, simama kwa boksi. Hauongei na yeye. Ikibaki sekunde kumi unasema kumi. Hiyo tu."

Nilipotundika duara ya tatu, uwanja ulitoa sauti moja, kama mtu amekaliwa kifuani. Kuna mtu alisema, "Aa, wamemmaliza." Mwingine akasema jina la mama yangu ambaye hamjui.

Nashipae akatoka kona akamkuta Madam Obura amesimama na namba tisa kwa kibao, mkono mwingine unaonyesha boksi. Nilidhani atabisha. Nilidhani atalia, au atapita tu, wengine hupita. Alipunguza mwendo, akaingia ndani ya ile mistari ya chokaa, akasimama. Nikabonyeza saa.

Sekunde sitini ni ndefu, hamjui. Jasho lilikuwa linatoka kwa kidevu chake linadondoka kwa chokaa. Akaweka mikono kwa kiuno. Hakuangalia watu. Aliniangalia mimi, na mimi ni mtu ambaye huongea hata usingizini.

"Sheryl," akasema, akihema. "Hii ni ya nani?"

Nikaangalia saa. Sekunde tisa.

"Ya Kakuta," akajijibu. "Kwa kona. Nilisikia mguu ukipaa. Hiyo ni kitambo lakini."

Kumi na nne.

"Raundi kumi na nne, ama? Nikapita hapa nikaangalia nikaona mbili. Nikasema, haya, Mzee amenihurumia." Akavuta hewa. "Yeye hahurumii."

Nilikuwa nauma mdomo wa chini mpaka ukawa na chumvi. Seleyian akatoka kona. Ishirini na saba. Akapita mbele yetu na ule mwendo wake wa kutumwa dukani, thelathini na tano kamili, hakugeuza hata jicho. Watu wa Embulbul, wale kumi na wawili walikuja, wakaanza kuruka.

"Sikia vile wetu wamenyamaza," Nashipae akasema. Na alikuwa kama anataka kucheka. "Hii ndiyo mara ya kwanza nimewasikia wakinyamaza. Miaka miwili. Kumbe hata wao huchoka."

Arobaini na moja.

Nilitaka kumwambia ni mimi. Nilitaka kumwambia pole, kumwambia Seleyian ako mbele sekunde ishirini na tano, kumwambia karibu niiweke karatasi kwa mfuko. Macho yangu yalijaa maji na nikashindwa kuona saa, nikayafuta na kola.

Yeye alikuwa amefunga macho yake. Midomo ilikuwa inatembea. Nilidhani anaomba, halafu nikasikia ni hesabu. "Raundi sita. Nne, nne, nne, nne, nne." Akafungua macho. "Na moja ya mwisho tano."

"Kumi," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kuku.

Kule kwa ua kijana mmoja akamuuliza Mama Nashipae, "Mama, wamemfukuza?" Na yule mama akajibu kwa sauti ya kawaida, na kwa vile kulikuwa kimya tuliisikia wote, "Hapana. Amesimama tu. Sasa anaenda."

Akaenda.

Hakutoka kwa hasira tena. Hiyo ndiyo nataka muone. Alitoka chini, mabega yameshuka, hatua fupi, mguu unagusa kisigino, unanyooka, unagusa, unanyooka. Kama mtu anashona. Raundi ya ishirini nilipiga saa: nyuma sekunde ishirini na moja. Nne. Raundi ya ishirini na moja: kumi na saba. Nne tena. Nilisimama na saa mkononi, nikaisoma tena. Alikuwa anafanya ile hesabu aliyoisema kwa boksi, sekunde kwa sekunde, na uwanja mzima hakuna mwingine aliyejua isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nimekatazwa kuongea.

Waamuzi wawili walikuwa bado hawajampa kadi. Mmoja alikuwa hapa karibu na mstari wa kumalizia, mwingine kona ya kwanza. Kadi moja kutoka kwa yeyote kati yao na imeisha. Raundi ya ishirini na mbili yule wa kona ya kwanza akainua kibao cha njano. Onyo. Watu wakashika vichwa. Nashipae akakiangalia kile kibao akipita, na niliona kabisa akipunguza. Akiwa nyuma, akiwa anaangaliwa na kanisa mzima, akapunguza. Raundi hiyo alipata sekunde mbili tu. Kumi na tano.

"Ameogopa," yule kijana wa nyuma akasema.

"Nyamaza," mwenzake akamwambia. "Anajitunza."

Raundi ya ishirini na tatu aliimaliza: tisa. Ya ishirini na nne: mbili na nusu. Kengele ya raundi ya mwisho ikalia na Seleyian, kwa mara ya kwanza siku mzima, akageuka kuangalia nyuma.

Hapo Ouma akatokea. Anapiga pedali kutoka kona ya kwanza, karatasi iko kwa meno.

Sijawahi kuchukia baiskeli vile. Aliteremka, akaniwekea karatasi mkononi, ina mate. Sikuifungua. Nilishika tu. Kule ng'ambo walikuwa wamefika kona ya Mzee Kakuta, bega kwa bega, tisa na nne, na Mzee alikuwa ameinama mpaka magoti, kofia karibu iguse ardhi, anaangalia miguu. Akainuka. Mikono yake ikabaki chini.

"Sheryl," Madam Obura akasema kando yangu. "Fungua."

Nikafungua. Namba 4. Goti limekunjwa. Ya kwanza ya Seleyian, ambayo haina maana yoyote, duara moja tu. Nikaitundika kwa vidole vya mtu mwingine.

Mita mia ya mwisho. Hawa watu wa mbio za kukimbia hawajui kitu. Kukimbia unaachilia. Hapa wasichana wawili wanataka kuruka na hawawezi, wamefungwa kwa ardhi, na mwamuzi wa mwisho amesimama pale pale mbele yao na kalamu. Seleyian aliongeza na mabega yakapanda. Nashipae mabega yake hayakupanda. Kiuno, kisigino, goti. Kiuno, kisigino, goti. Akatoka hatua moja mbele. Hatua mbili. Kifua kikapita mstari.

Uwanja ulivunjika. Ua wa waya ulilala chini, watu wakaingia, vuvuzela, vumbi. Mchungaji alikuwa anakimbia na viatu vya Jumapili. Nashipae alikuwa ameketi chini, miguu mbele kama mtoto.

Lakini mimi sikushangilia, kwa sababu yule mwamuzi wa mwisho alikuwa ameinama anaandika kitu.

Madam Obura alikusanya orodha za waamuzi watano akaziweka mezani mbele yangu. "Soma. Polepole." Watu walipoona tunasoma wakaanza kunyamaza, na ile kimya ilienda mpaka kwa Nashipae, naye akageuza kichwa kututazama. Nikasoma namba moja. Namba nne. Orodha ya Kakuta: tisa, moja. Ya pili: tisa, moja. Ya tatu: tisa, moja. Ya kona ya kwanza: njano tu. Ya mstari wa kumalizia, ile iliyokuwa inaandikwa. Nikaigeuza. Alikuwa ameandika saa ya kumaliza na sahihi yake.

"Namba tisa," nikasema. "Tatu."

"Sawa," Madam Obura akasema. "Ni mshindi."

Sitawaambia kelele. Hata ng'ombe wa soko la Kajiado walisikia.

Baadaye nilimfuata Nashipae nyuma ya hema, mama yake akimmwagia maji miguuni. Nikamwambia yote. Mkono, tisa, karatasi, mfuko. Hiyo ya mfuko pia. Alinisikiliza huku anafungua plasta kwa kidole cha mguu.

"Raundi tano," akasema.

"Tano."

"Ungenipa hizo tano nisingetoa jasho hivi." Akavuta plasta, akakunja uso. "Na ungeiweka kwa mfuko ningekupiga na hii kiatu."

"Haukuogopa? Ukiwa pale ndani, na watu wote hivyo?"

"Niliogopa tangu Jumapili, walipopiga makofi. Nilikuwa natembea nikiwakimbia, si Seleyian." Akafikiria. "Ukisimama hauwezi kukimbia mtu. Nikawaangalia. Kumbe ni watu tu wanataka nishinde. Sasa mtu akikutakia hivyo utafanya nini, utamrudishia?"

Mama yake akaongea kitu kwa Kimaa, Nashipae akacheka. Nikauliza amesema nini.

"Anauliza huyu msichana wa ubao amekula kweli. Anasema unaonekana kama umetembea wewe."

Nikarudi mezani. Madam Obura alikuwa anapanga karatasi, mbio za wanaume zilikuwa baada ya chakula. Akanisukumia fomu ya ripoti bila kuniangalia. Kuna sehemu chini imeandikwa Makosa ya Maafisa, mistari mitatu. Hiyo fomu inaenda ofisini, inawekwa kwa faili, na wanaochagua maafisa wa taifa huisoma. Wengi huandika "hakuna".

Tumbo likaanza. Nikaliacha lianze. Nikaandika: Raundi ya 14, ishara ya kadi ya namba 9 ilisomwa vibaya na mwenye ubao. Mwanariadha alijulishwa akimaliza raundi ya 19. Mwamuzi hakukosea. Nikaweka jina.

Madam Obura akavaa miwani akasoma, mpaka mwisho, kidole kikifuata mstari. Akairudisha.

"Hili jina halisomeki," akasema. "Liandike tena."

Nikaliandika tena, herufi kubwa. SHERYL NALIANYA.